Kanda za VHS za Jumamosi

Habari za jioni, ndugu wanakikundi. Jumamosi tunahamishia kanda za video za VHS kwenye kompyuta. Mnaoleta kanda za harusi, inueni kifuniko cha mbele mtazame utepe kwanza. Mkiona unga mweupe pembeni, hiyo ni kuvu. Kanda hiyo msiitie kwenye deki, itachafua vichwa na kuambukiza nyingine. Ifungeni kwenye mfuko wake peke yake.

Kanda safi ipelekeni mbele hadi mwisho, kisha mwirudishe mwanzo, ili utepe ukazike sawasawa. Kwenye kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta, waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Kwenye OBS, programu ya kurekodi, chagueni PAL, yaani mfumo wa video wa kwetu, na ukubwa wa picha uwe 768 kwa 576, la sivyo watu wataonekana wembamba. Kuondoa ile mistari kama meno ya kitana, washeni Yadif 2x, kichujio cha kuondoa mistari hiyo, na mwendo uwe fremu (picha) 50 kwa sekunde. Kanda iliyorekodiwa Marekani ni NTSC, mfumo wa video wa kwao. Mkiisoma kama PAL, picha itaruka au itakosa rangi.

Kinachosumbua kuliko vyote ni sauti kuachana na picha. Utepe uliochakaa hukatakata mawimbi, fremu zinapotea huku sauti ikiendelea, na kufikia mwisho wa saa midomo na maneno haviendi pamoja. Rekodini vipande vya dakika 30, na kifaa hicho cha kuunganisha mkichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye habu (kigawanyo cha USB).

Wenye MiniDV, kanda ndogo za kamera za dijitali: saa 1 ya video hula takriban GB 13, njooni na diski ya nje. Mkikata na kuunganisha, fanyeni kwenye nakala tu.