Kwenu wanangu wa mnarani na wa angani

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea. Sijambo, magoti tu ndiyo yanayogoma nikiona ngazi, na ngazi za mnara nimezipanda miaka thelathini na moja.

Wiki iliyopita kijana mmoja, mwongoza ndege, alinipigia simu saa nne usiku. Hakuzunguka. Mchana ule ndege mbili zilikuwa zimepishana karibu kuliko inavyoruhusiwa, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na agizo lililozifikisha hapo lilitoka kinywani mwake. Hakuna aliyeumia. Abiria walishuka, wakachukua mizigo, wakaenda zao. Rubani mmoja alisema redioni kwa sauti ya kawaida kwamba amemwona mwenzake, basi. Kijana akaniuliza: "Mzee, nikiandika ripoti si nitasimamishwa? Na rubani mwenyewe kanyamaza."

Nilimjibu kwenye simu, lakini swali lile si lake peke yake. Mnalo ninyi nyote, waongoza ndege na marubani, na mkikutana hamuulizani. Ndiyo maana naandika hadharani.

Tumezoea kusema kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo inamfaa mwizi wa kuku. Katika kazi yetu anayerudia kosa kwa kawaida ni mtu mwingine kabisa, yuko zamu nyingine au kampuni nyingine, na hakuwahi kuambiwa kwamba kosa hilo limeshafanyika.

Tarehe 1 Desemba 1974 ndege namba 514 ya TWA, kampuni ya Marekani, ilikuwa inakwenda kutua Dulles, uwanja wa jiji la Washington, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ikiwa bado mbali, mwongoza ndege aliwapa marubani ruhusa ya kuukaribia uwanja. Wao waliichukulia kwamba njia ya mbele ni salama, wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Yeye alichukulia kwamba lini washuke, na hadi wapi, ni juu yao. Kila upande uliamini mwenzake ndiye anayeuangalia mlima. Ndege ikaupiga Mount Weather, Virginia, na watu wote 92 wakafa.

Wengi kisa wanakiishia hapo. Mimi nataka mrudi nyuma wiki sita tu. Marubani wa United, kampuni nyingine ya Marekani, waliokuwa wakienda uwanja uleule walipewa ruhusa ya namna ileile, wakaielewa vilevile, wakaponea chupuchupu. Na waliandika! Kampuni yao ilikuwa na utaratibu wa ndani wa kupokea taarifa kama hizo, ikawaonya marubani wake. Wake tu. Onyo halikuvuka ua kwenda kwa TWA.

Msiba ule ndio uliozaa utaratibu wa Marekani unaoitwa ASRS. Mwaka 1975 mamlaka yao ya anga, FAA, iliwaomba watu waandike makosa yao na kuyapeleka kwake. Lakini nani anampelekea polisi barua ya kujishtaki? Mwaka uliofuata kazi ya kupokea ripoti ikakabidhiwa NASA, watu wa vyombo vya anga za juu, ambao hawana uwezo wa kumnyang'anya mtu leseni. Fomu yao ina kipande chenye jina na simu ya mwandishi. Wakishaisoma, na kumpigia kama kuna lisiloeleweka, kipande hicho hukatwa, kikagongwa muhuri wa tarehe na kurudishwa kwa mwenyewe. Kinachobaki ni kisa bila jina. Aliyeandika ndani ya siku 10, kama hakukosea kwa makusudi na si suala la jinai wala ajali, kwa kawaida huepushwa faini na kusimamishiwa leseni hata FAA ikimfikia kwa njia nyingine. Ripoti zimeshapita milioni moja. Watu hawakuanza kuandika kwa kuhubiriwa uaminifu. Waliandika kwa sababu ya kile kipande kinachokatwa.

Sasa niwaeleze la kwangu, ambalo sikuliandika.

Mwaka 1987 nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye uwanja ambao sitautaja. Rada hatukuwa nayo. Kila ndege ilikuwa na kijikaratasi chake kirefu, kimevikwa kwenye kibao, vibao vimepangwa mezani kufuata nani yuko juu na nani yuko chini, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Ndege mbili za abiria zilikuwa zinakuja, moja namba 124 na nyingine 142. Chini yao, futi 5,000, nilikuwa nimeiweka ndege ndogo ikizunguka kusubiri zamu. Nikamwambia 124, aliyekuwa ameshapita upande wa pili, ashuke hadi futi 4,000. Sauti ikakariri: futi elfu nne, one four two.

Nikaweka tiki.

Masikio yangu yalisikia nilichosema, hayakusikia nilichojibiwa. Dakika mbili baadaye rubani wa ndege ndogo akaita, sauti imepanda: "Mnara, kuna mtu kanipita puani." Nilitazama vibao vyangu, vyote viko sawasawa. Nikatazama dirishani, nikaona tumbo jeupe la 142 likitoka mawinguni mahali ambapo hakutakiwa awepo mtu.

Baada ya kutua, rubani wa 142 alipanda ngazi hadi kwangu, kofia kwapani. Nilidhani amekuja kunitukana. Akaniuliza, "Kaka, ile ilikuwa yangu au yako?" Tukacheka, kicheko cha watu ambao miguu inatetemeka. Nikammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, tukagawana kitumbua, mambo yakaishia pale. Tuliona tumefanya ungwana: yeye hakunichongea, mimi sikumchongea.

Miezi saba baadaye mwenzangu wa zamu ya jioni akatumbukia shimo lilelile, namba zilezile mbili. Safari hiyo rubani alikwepa kwa nguvu na mhudumu akavunjika mkono. Ndipo namba ya safari moja ikabadilishwa, kwa barua ya mistari mitatu. Mistari mitatu! Ningeweza kuiandika mimi kabla kitumbua hakijapoa.

Kwa hiyo niliposoma habari za Japani za tarehe 31 Januari 2001 niliweka gazeti chini. Ndege mbili za Japan Airlines, namba 907 na 958, zilikuwa zinaelekeana. Mwongoza ndege mwanafunzi alitaka kumshusha 958, ulimi ukamtoka 907. Wakati huohuo mtambo wa TCAS, ule unaomwamuru rubani apande au ashuke ndege nyingine ikimkaribia, ulimwambia 907 apande na 958 ashuke. Rubani wa 907 akamfuata mwongoza ndege. Wa 958 akaufuata mtambo. Wote wawili wakashuka. Watu 677 waliokolewa na rubani wa 907 aliyeiinamisha ndege kwa ghafla dakika ya mwisho. Mia moja hivi wakaumia, wengine wakirushwa hadi darini.

Swali lilikuwa limeshaulizwa angani: mtambo na mwongoza ndege wakipingana, rubani amsikilize nani? Wachunguzi wa Japani waliomba ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ilijibu bila utata. Jibu halikuwahi. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege ya Urusi iliyojaa watoto ilishuka kwa agizo la mwongoza ndege huku mtambo wake ukiiambia ipande, ikagongana na ndege ya mizigo ya DHL iliyokuwa ikishuka kwa agizo la mtambo. Wakafa watu 71. Mwongoza ndege aliyeisimamia anga hiyo kutoka Zürich, Uswisi, alikuwa peke yake kwenye meza mbili, simu kuu imezimwa kwa matengenezo, na wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, walioiona hatari walipiga simu isiyopokelewa. Mwaka 2003 ICAO ikanyoosha maneno: rubani aufuate mtambo. Katikati ya Japani na Ujerumani ilipita miezi 17.

Msiniambie hayo ni ya ng'ambo. Machi 2024, juu ya Mbuga ya Nairobi, ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson iligongana na ndege ndogo ya mafunzo. Ya abiria ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafa. Anga yetu si tupu tena kama enzi za kitumbua.

Kuhusu maneno sitasema mengi, Tenerife mmefundishwa darasani, kisiwa cha Hispania ambako mwaka 1977 ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia: wakafa watu 583, na tangu hapo neno "take-off" halitamkwi mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Ila tazameni Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Mnara uliiambia ndege ya walinzi wa pwani kwamba ni "number one", isogee hadi mahali pa kusubiri. Kapteni wake alisema alielewa ameruhusiwa kuingia njia ya kurukia. Airbus ikatua juu yao. Watu 379 wa ndege kubwa wote walitoka. Watano kati ya sita wa ndege ndogo wakafa. "Number one" ni neno la kumwambia mtu kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, si ruhusa ya kuingia. Ninyi mna maneno mangapi ya namna hiyo? Rubani analijua moja lililomchanganya wiki hii, mwongoza ndege hajui kwamba limemchanganya. Enzi zetu mwongoza ndege alipanda chumba cha marubani akasikia sauti yake mwenyewe inavyofika kule ikiwa imekatika nusu. Milango hiyo sasa imefungwa, naelewa sababu. Lakini mlango wa mnara kwa rubani mwenye kibali haujafungwa. Mbona hampandi?

Sasa nikurudie wewe uliyenipigia simu. Siwezi kukuahidi kwamba hutasimamishwa. ICAO imeandika kwamba uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa, lakini mahakama haziongozwi na maandishi hayo. Yule mwanafunzi wa Japani na msimamizi wake walishtakiwa. 2006 wakaachiwa, 2008 wakatiwa hatiani, na 2010 mahakama ya juu kabisa ikathibitisha hatia. Hofu yako si ya kijinga, na wakubwa wanaokuambia "andika tu, usiogope" bila kukuonyesha kipande kinachokatwa hawajakusaidia. Na mkubwa anayejisifu kwamba mwaka mzima hajapokea ripoti hata moja, mimi ndege yake sipandi.

Hata hivyo andika. Mpigie yule rubani kwanza, si kupanga maneno, bali umwulize yeye alisikia nini, maana nusu ya kisa iko kichwani mwake. Kisha kila mmoja aandike chake. Andika saa na dakika, ulichosema, ulichojibiwa, ulikuwa umelala saa ngapi, nani alikuwa anazungumza nyuma yako.

Mimi yangu ya 1987 nimeiandika wiki hii, kurasa mbili, kwa mkono. Kitumbua nakikumbuka, na kofia kwapani, na lile tumbo jeupe. Nimekaa siku tatu nikijaribu kukumbuka 124 wakati ule alikuwa futi ngapi, sikumbuki. Mwenzangu wa kofia alishatangulia mbele ya haki, na vile vijikaratasi tulivichoma.

Mzee wenu,
Mwongoza ndege mstaafu
Tanga