Dada, mwanao simkatazi kuchora katuni

Shikamoo dada.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale ulipoacha kusema na mimi ukaanza kubishana na muuza samaki. Unataka nimkalishe kijana chini nimwambie katuni si kazi, arudie mtihani wa hesabu, apate chuo cha maana. Umenichagua mimi kwa kuwa ni mjomba wake, na nadhani pia kwa kuwa mimi ndiye mfano wako wa yanayompata mtu akishupaa. Najibu hapa hadharani kwa sababu kina mama wengine wa Tanga hunitumia swali hilohilo, baadhi yao kwa upole kukushinda wewe.

Simkatazi. Wala simpigii debe. Nakueleza kazi yangu hii ya katuni za filamu ilivyo, halafu wewe na baba yake mtaamua.

Filamu hukimbia fremu 24, yaani picha 24 zilizofuatana, kwa sekunde. Sisi mara nyingi kila mchoro tunaupa fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 kwa sekunde inatosha jicho liamini kwamba mtu anatembea. Dakika moja, michoro 720. Yule jamaa yenu aliyeniomba Alhamisi "kakatuni kadogo ka dakika tatu" kwa ajili ya harusi ya Jumamosi alikuwa anaomba michoro zaidi ya elfu mbili, na mimi nikacheka, naye akanuna. Kompyuta inapunguza mzigo: mhusika unamchora vipande, mkono mbali, goti mbali, unavifunga kwenye maungio, kisha unamchezesha bila kumchora upya. Matangazo na vipindi vingi vya televisheni hufanywa hivyo. Lakini hadithi bado itungwe, storibodi (hadithi nzima kwa picha, tukio baada ya tukio) ichorwe, sauti zirekodiwe kabla ya picha ili midomo iyafuate maneno. Ukiona mdomo wa katuni umefumba barabara kwenye "mbu" na "pepo", ujue kuna mtu alikesha na midomo hiyo.

Madaftari ya mwanao nimeyaona. Majoka, na wanaume wenye misuli, wote wamesimama wanatutazama. Anachora vizuri, sikatai, ila huko bado ni mlangoni. Kazi yenyewe ni kuujua uzito wa vitu. Mwambie akae asubuhi pembeni ya barabara mojawapo pale Ngamiani, ile ya 12 au yoyote, awatazame waendesha baiskeli, maana kwa darasa hilo Tanga tumejaliwa. Aliyepakia gunia la mkaa huanza kwa kusimama juu ya pedali, mabega yanakwenda huku na huku, usukani unayumba kabla gurudumu halijakubali. Asiye na mzigo kiuno chake kimetulia, miguu tu ndiyo inazunguka. Na mwanamke aliyepakiwa upandeupande, kanga yake huchelewa kidogo kuufuata mwili. Baiskeli ikisimama, kanga bado inasogea mbele, ndipo irudi itulie. Asiyeliona hilo atachora kanga ya bati. (Buibui ni nafuu, dada. Linaficha miguu, na miguu ndiyo inayotutesa.)

Ile filamu yangu fupi ambayo wewe unaiita "isiyokwisha" imekaa hapohapo kwenye baiskeli. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nilitaka hadithi ya anayebaki: fundi baiskeli aliyeachiwa baiskeli na mgeni, mgeni hakurudi, na fundi hajui aiuze au aiendeshe. Kilichonichelewesha ni njiti za gurudumu. Ukizichora zote sawasawa, gurudumu likishika kasi kila njiti inakaribia kufika ilipokuwa mwenzake, na jicho linaona gurudumu linarudi nyuma huku baiskeli inakwenda mbele. Siku hizi gurudumu likikimbia nazifuta njiti, naweka ukungu wa kijivu na mng'aro mmoja. Naifanyia kazi alfajiri kabla wateja hawajaanza kupiga simu, kwa kuwa hakuna anayenilipa kwa ajili yake, na ndiyo maana haikwishi upesi. Bila hiyo ningekuwa nimeshaiacha kazi hii zamani.

Sasa pesa. Inakuja kwa mafungu, na katikati ya fungu na fungu kuna ukame. Kuna matangazo ya biashara, video za mashirika kuhusu vyandarua na kunawa mikono, wanamuziki wanaotaka maneno ya wimbo yaruke kwenye skrini. Nachukua nusu kabla ya kushika kalamu. Mteja mmoja aliidhinisha storibodi, akaidhinisha sauti, kazi ilipokwisha akasema sasa mhusika mkuu awe mwanamke, kwa bei ileile. Kwa hiyo mkataba wangu unataja marekebisho yanaishia wapi, na mhusika niliyembuni ni mali ya nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, lakini ukienda nayo mikono mitupu bila karatasi, utachoka.

Ajira zipo zaidi Dar. Ubongo Kids unaikumbuka. Ilianza kuonyeshwa TBC mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na mwanao aliiimba nyumbani mpaka ukazima televisheni. Ile ilikuwa katuni ya hesabu, dada. Hesabu hizohizo.

Kompyuta msimnunulie mpya, na zile bangili ulizokuwa unawaza kuuza zirudishe kabatini. Programu ya kutengenezea katuni iitwayo Blender ni ya bure, na filamu ya paka kutoka Latvia iliyopata Oscar ya katuni mwaka 2025 ilitengenezwa kwa hiyohiyo. Kompyuta ya mtumba yenye kadi nzuri ya picha inatosha kuanzia. Shida itakuwa umeme na bando, kama kwetu sote.

Akitaka chuo, mimi ningemtazamia TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Utaniuliza maigizo na ngoma vinamhusu nini mchoraji. Vinamhusu sana: mchora katuni ni mwigizaji mwenye haya, anaigiza kupitia mhusika anayemchora. Ajifunze kuanguka jukwaani kwanza, ndipo amwangushe mhusika wake.

Mlete Jumamosi baada ya alasiri. Majoka ayaache nyumbani. Aje na michoro 24 ya penseli, sekunde mbili tu, ya mtu mmoja anayeondoka na baiskeli yenye mzigo. Akishindwa kuimaliza, hutanihitaji mimi nimkataze. Na mtihani wa hesabu arudie, hapo niko upande wako, maana wateja nao wanajua kupiga hesabu.