Urukususu kwa vidonda vya tumbo: presha isisahauliwe

Mhariri,

Unga wa urukususu, mzizi mtamu uitwao licorice kwa Kiingereza, unasifiwa sana kwa vidonda vya tumbo, na sifa hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, F. E. Revers, aliandika kuhusu wagonjwa waliopata nafuu kwa dawa ya mzizi huo, ingawa baadhi yao walivimba. Baadaye ikatengenezwa dawa ya kabenoksoloni kutokana na mzizi huohuo. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake, Uingereza, walionyesha kwamba inasaidia kidonda cha tumbo lenyewe; cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, haikukifaa.

Kinachofanya kazi hasa ni glisirizini, kemikali iliyomo kwenye mzizi. Huzuia kimeng'enya kinachovunja prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda tumbo, hivyo ute unaolinda ukuta wa tumbo huongezeka. Kwenye figo, hata hivyo, huzuia kimeng'enya kingine, kile kinachozima homoni ya kotisoli. Kotisoli isipozimwa, figo hushika chumvi na maji na kumwaga potasiamu: miguu huvimba, presha hupanda, misuli hulegea, moyo huweza kwenda ovyo. Waliotumia kabenoksoloni walipopewa spironolaktoni, dawa ya kukojoza, uvimbe uliisha, lakini na faida kwa kidonda ikatoweka nao.

Kijiko cha chai cha unga, tuseme gramu 2 zenye glisirizini asilimia 5, ni miligramu 100. Hicho ndicho kiwango ambacho Ulaya inashauri kisipitwe kwa siku. Dukani hakuna anayepima, na mizizi hutofautiana mno. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, na anayetumia dawa za kukojoza kama furosemaidi na haidroklorothiazaidi, au digoksini ya moyo, asiuguse.

Vipo vidonge vya urukususu viitwavyo DGL, vilivyoondolewa karibu glisirizini yote. Hutafunwa, kwa kawaida miligramu 380, dakika 20 hivi kabla ya kula. Presha haviisumbui sana, ila ushahidi wake ni hafifu: vilivyofanya vizuri kwenye majaribio vilichanganywa na dawa za kupunguza asidi, kwa hiyo nani apewe sifa? Kuviuza kama tiba kamili ni kumdanganya mgonjwa.

Vidonda vingi chanzo chake ni bakteria Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Kwa bakteria, pimeni choo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu huweza kusema hakuna bakteria ilhali wamo. Anayetapika damu, au mwenye choo cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mfamasia,
Tanga