Terry Bogard hapewi zawadi akifika asilimia 100

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wahusika wageni katika geimu za kupigana ilimpa Terry Bogard, mpiganaji wa kampuni ya geimu ya SNK aliyealikwa katika Super Smash Bros. Ultimate ya Nintendo, aya moja tu. Aya hiyo ilisema kwamba neno GO linalojitokeza karibu na asilimia yake ya madhara, kuonyesha kwamba mapigo yake makuu yamefunguka, ni zawadi kwa anayeshindwa, na kwamba linatumika mara moja kisha basi. Si zawadi, wala si la mara moja. Ni kanuni ya zamani ya SNK iliyohamishwa kwa uangalifu mkubwa, na asiyeielewa hawezi kueleza kwa nini Terry amepangwa vile alivyo.

Turudi mwaka 1992. Katika Fatal Fury 2, geimu ya SNK, mstari wa uhai wa mchezaji ukipungua sana huanza kumetameta, na tangu hapo mlango wa pigo la kufa na kupona huwa wazi. Terry hupiga ngumi ardhini na moto kulipuka mbele yake: ndiyo Power Geyser. Hakuna akiba ya nguvu inayochomwa wala idadi inayohesabiwa. Unaweza kulirudia kadiri uwezavyo hadi pambano liishe. Kwa hiyo aliyekuwa akishinda alilazimika kumsogelea kwa hofu mtu aliyekaribia kuanguka.

Smash haina mstari wa uhai. Inahesabu madhara kwenda juu, na mpiganaji mwenye asilimia nyingi hurushwa mbali zaidi. Waundaji waliigeuza kanuni ile ifuate hesabu hiyo: Terry akifika asilimia 100, mapigo yake makuu mawili, Power Geyser na Buster Wolf, hufunguka, na anaweza kuyarudia kadiri awezavyo. Anayetaka uthibitisho acheze pambano la uhai, lile la kuhesabu pointi kushuka. Humo mapigo hayo hufunguka uhai ukibaki theluthi moja au chini yake, karibu kabisa na ilivyokuwa mwaka 1992.

Makala iliruka pia namna ya kuyatoa, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa fimbo ya kidhibiti, Power Geyser ni chini, mshazari wa chini-nyuma, nyuma, rudi kwenye mshazari uleule, halafu mbele pamoja na kitufe. Buster Wolf, lililotoka katika geimu ya SNK ya mwaka 1999, Garou: Mark of the Wolves, ni robo duara kwenda mbele mara mbili, kisha kitufe. Kitufe kinaweza kuwa cha shambulio la kawaida au cha pigo maalumu, na chaguo hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikosea mzunguko huku umebonyeza kitufe cha pigo maalumu, mara nyingi hutoka Burning Knuckle, na Terry hujitupa mbele mzimamzima. Ukikosea kwa kitufe cha shambulio, unaweza kupata pigo zito la mbele palepale ulipo. Ukiwa ukingoni mwa jukwaa, kosa la pili lina nafuu.

Kosa jingine ni kuzungusha fimbo kwa pupa hadi ikapita juu. Mpangilio wa kawaida wa geimu unahesabu fimbo ikisukumwa juu kuwa ni kuruka, hivyo Terry huondoka ardhini na amri yote huvurugika. Uzime mpangilio huo katika ukurasa wa vidhibiti kabla ya kuanza mazoezi. Vilevile, kabla ya asilimia 100 amri ya Buster Wolf bado ina robo duara moja ndani yake, na geimu huisoma hiyo kama Burning Knuckle. Ndiyo maana mtu huapa kwamba kidhibiti chake ni kibovu, kumbe ana asilimia 97.

Jambo ambalo lingestahili aya nzima ni upande anaotazama. Katika pambano la watu wawili pekee, Terry humgeukia mpinzani mwenyewe, kama Ryu na Ken, wageni kutoka Street Fighter. Wakiwa watatu au zaidi, hageuki. Pigo lake la pembeni ni mawili: kuelekea mbele ni Burning Knuckle, kuelekea nyuma ni Crack Shoot, teke la kubingirika hewani. Sasa mpinzani akikurukia na kutua upande wa pili wakati fimbo yako imeshaanza kwenda, mbele imekuwa nyuma na ngumi uliyoikusudia inatoka teke. Dawa ni kusubiri mpinzani atue ndipo uanze mzunguko, hata kama kusubiri kunaonekana kukupunguzia kasi.

Kuhusu nguvu, pigo maalumu likitolewa kwa amri kamili ya fimbo huumiza zaidi ya lile la kubonyeza kitufe na upande tu. Kwa Rising Tackle, pigo lake la kupaa juu, amri hiyo ni kushikilia chini kwanza, kisha juu pamoja na kitufe. Ukiachia chini mapema, unapata lile dhaifu. Na Buster Wolf lisitupwe ovyo kwa sababu tu limefunguka. Likigonga ngao ambayo mpinzani amejikinga nayo, Terry hubaki wazi muda wa kutosha kuadhibiwa, naye kwa asilimia zile hurushwa kirahisi. Lianzishe baada ya ngumi nyepesi iliyompata mpinzani, kwa kuwa Terry anaruhusiwa kukatisha mapigo yake ya kawaida na kuingiza pigo maalumu au pigo kuu.

Kuna tarehe za kusahihisha. Terry aliingia tarehe 6 Novemba 2019, akiwa wa nne katika kifurushi cha kwanza cha wapiganaji wa nyongeza. Si kweli kwamba yeye ndiye mgeni wa kwanza kutoka geimu za kupigana: Ryu alitangulia katika Smash ya Wii U na 3DS mwezi Juni 2015, na ndiye aliyeleta mtindo wa amri za fimbo. Hapa makala ilipitwa na kisa kizuri. Takashi Nishiyama, aliyeongoza uundaji wa Street Fighter ya kwanza mwaka 1987 akiwa Capcom, ndiye aliyehamia SNK na kuunda Fatal Fury ya mwaka 1991. Ryu na Terry wana baba mmoja.

Terry alifika pia katika Street Fighter 6 tarehe 24 Septemba 2024, lakini huko kanuni ya mwaka 1992 haikumfuata. Buster Wolf hugharimu kipande kimoja cha akiba ya nguvu, Power Geyser viwili, na Rising Fang, pigo kuu la tatu, vitatu, na hilo la mwisho pekee ndilo huongezewa nguvu uhai ukishuka hadi robo. Mchezaji anayetoka Smash akidhani kuumizwa kutamfungulia mlango atasubiri bure. Ajifunze kwanza kutunza akiba.

Tunaomba aya ile isahihishwe katika toleo lijalo.

Wasomaji wenu wa ukurasa wa geimu