Urahisi wa meli huishia gatini

Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyolinganisha usafirishaji wa mizigo kwa ndege na kwa meli kati ya Shanghai na Singapore, nami naomba nafasi nieleze jambo moja ambalo mwandishi alilipita juu juu. Alihitimisha kwamba mwenye haraka atumie ndege na mwenye kubana matumizi atumie meli. Ushauri huo unafaa kwa mzigo unaotoka Shanghai kwenda Rotterdam, ambako meli hukaa majini mwezi mzima au zaidi. Kwa njia fupi kama hii unaweza kumtia hasara mfanyabiashara mdogo, hasa yule ambaye mzigo wake haujazi kontena.

Kati ya bandari hizo mbili kuna takriban maili 2,200 za baharini. Meli inayokwenda kwa mwendo wa noti 16, yaani maili 16 za baharini kwa saa, huumaliza umbali huo kwa siku sita hivi, na ndege inayoruka kutoka uwanja wa Pudong, Shanghai, hutua uwanja wa Changi, Singapore, baada ya saa tano na ushee. Hesabu ya makala iliishia hapo, ilhali mzigo huanza safari kabla meli haijang'oa nanga. Mzigo wa kuchangia kontena hupelekwa kwanza ghalani, ukawasubiri wenzake. Kontena likishajaa hufungwa na kuthibitishwa uzito, sharti lililoanza kutumika kimataifa Julai 1, 2016, kisha huvushwa kwenye daraja la Donghai, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 32, hadi bandari ya Yangshan, au hupelekwa Waigaoqiao karibu na mdomo wa mto Yangtze. Likifika Singapore huburutwa hadi ghala jingine, hufunguliwa, na kila mwenye mali hutengewa katoni zake. Siku sita za majini hugeuka wiki mbili, pengine tatu. Ndege nayo, ukihesabu kupokelewa, kukaguliwa na forodha, hukamilisha kwa siku tatu hadi tano. Zile saa tano ni za rubani tu.

Sasa tuje kwenye fedha. Chukua katoni 10, kila moja ikiwa na vipimo vya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 na uzito wa kilo 12. Mizani itasoma kilo 120, lakini shirika la ndege litakutoza kilo 200, kwa sababu ujazo wa katoni kwa sentimita hugawanywa kwa 6,000, na jibu likizidi uzito halisi, hilo ndilo linalolipiwa. Baharini katoni hizo ni mita za ujazo 1.2, nawe utalipia hiyo 1.2. Hapo meli ina nafuu kubwa. Lakini tuseme kilo hizo 120 ni vipuri vya chuma vinavyoenea katika katoni mbili za ukubwa uleule: ndege itatoza kilo 120 tu, na meli, ingawa mzigo haufiki hata robo ya mita ya ujazo, kwa kawaida itakutoza mita moja nzima, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha chini cha mawakala wengi wa usafirishaji.

Yaliyonifika mimi ni hayo hayo ya vipuri. Wakala mmoja alinitajia nauli ya baharini iliyokuwa ndogo kiasi kwamba nilimuuliza mara mbili kama hajakosea. Hakukosea. Mzigo ulipofika Singapore nilipewa ankara yenye mistari saba: kufungua kontena, kuhudumia mzigo ghalani, kutoa hati, na mingineyo ambayo hadi leo sijaielewa, na jumla yake iliizidi ile nauli mara kadhaa. Ndivyo biashara ya kuchangia kontena kutoka China inavyokwenda kwa sehemu kubwa: nauli hushushwa ili kumvuta mteja kule mzigo unakopakiwa, kisha fedha hizo hufidiwa kwa kumtoza anayepokea. Mnunuzi aliyekubali kununua kwa masharti ambayo muuzaji ndiye anayechagua wakala huwa hana hata wa kumlalamikia.

Ufupi wa safari una adha nyingine ambayo watu wa njia ndefu hawaijui. Hati ya shehena ya baharini, inapotolewa kwa amri ya mpokeaji au ya benki, ni hati ya umiliki, na mzigo hautolewi mpaka nakala halisi iwasilishwe. Kwa safari ya siku sita meli hutangulia na karatasi hubaki benki, huku ada za kuhifadhi zikiongezeka kila siku. Hati ya mzigo wa ndege haina umiliki ndani yake. Aliyeandikwa kuwa mpokeaji hujitambulisha na kuchukua chake.

Ndege nayo ina mapungufu yake. Singapore hutoza kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 9 tangu Januari 1, 2024, na kodi hiyo hukokotolewa juu ya thamani ya mali pamoja na nauli na bima, kwa hiyo nauli kubwa huzaa kodi kubwa, ingawa aliyesajiliwa anaweza kuirejesha. Betri za lithiamu-ioni, zile zinazochajiwa, zikisafirishwa peke yake, bila kifaa chake, zimekatazwa katika ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016, na hubaki kungoja ndege za mizigo. Na kwa mwenye kontena zima la futi 20 hakuna mjadala: apakie melini, ila asisahau kwamba katikati ya mwaka 2024, meli zilipoikwepa Bahari ya Shamu na ratiba zikavurugika, msongamano uliifikia hata Singapore na meli zikasubiri gati kwa siku kadhaa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena jedwali la aina ile, muongeze safu ya gharama zinazolipwa Singapore baada ya mzigo kushushwa, na mzitenge kwa mzigo wa mita moja ya ujazo, wa mita tano na wa kontena zima. Mawakala wanazo tarakimu hizo. Hawazitaji mpaka waombwe kwa maandishi.

Msomaji wenu,
Singapore