Nilimpekua mwanangu stendi ya Kabwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimwombe radhi mwanangu hadharani, kwa kuwa nilimdhalilisha hadharani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, naishi Uyole, Mbeya. Mwanangu alitumia unga, yaani heroini, miaka minne. Mwezi Machi alipambana na arosto, mateso ya kuacha unga, humu humu ndani: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, wiki nzima hajalala. Siku ya nane alikunywa uji wa ulezi, akaoga. Mashemeji wakaja na kuku. "Amepona," wakasema, nami nikaitikia.

Juni bado alikuwa hapati usingizi. Kwa baridi ile ya Uyole, sisi tumevaa masweta, yeye analowa jasho. Siku tuliyokwenda Mwanjelwa kumnunulia viatu, daladala ilipofika Kabwe, alikokuwa akinunua kete za unga, akaanza kupiga miayo, machozi na kamasi vikamtoka. Mjomba wake akasema, "Huyu amerudia." Nikampekua mifuko palepale, watu wakitazama. Hakuwa na kitu.

Ndipo nikarudi kwenye vitabu. Huko Lexington, Marekani, mtafiti Abraham Wikler na wenzake waliwazoesha panya morfini, dawa ya jamii moja na heroini, kisha wakawakatia. Mwaka 1963 wakaeleza kwamba joto la mwili na unywaji wa maji wa panya hao havikukaa sawa kwa miezi 4 hadi 6. Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu tu, kwa hiyo hicho si kipindi kidogo kwake! Mwaka 1967 Wikler akaonyesha jambo lililoniliza: panya walioachishwa miezi mingi nyuma, wakirudishwa mahali waliposhikwa na arosto, walijitikisa kama mbwa aliyelowa, dalili ileile, na mwilini hamna morfini. Panya hasingizii. Wala hakuna atakayesema mama yake alimdekeza.

Mwanangu hakuwa akinidanganya pale Kabwe. Na laiti angerudia kweli, kipimo chake cha zamani kingeweza kumkata pumzi, maana mwili ulishapoteza ule uzoefu. Sasa tunakwenda pamoja kliniki ya methadoni, dawa ya kutuliza arosto na hamu ya unga. Wenzangu wenye vijana walioacha, msiwatume mjini peke yao na hela mkononi ili kuwapima.

Viatu nilimnunulia hapa hapa Uyole.

Mama wa kijana,
Uyole, Mbeya