Majibu ya damu ya ng'ombe wetu yako wapi?

Mhariri,

Kila mjadala wa kuwavisha ng'ombe tagi, yaani hereni za kielektroniki zenye namba, unapozuka, sisi wafugaji hupakwa rangi moja: watu wanaoogopa sindano, waliodanganywa na porojo za mitandaoni. Porojo zilikuwepo, sikatai. Kampeni ya chanjo ya serikali ya Kenya iliyoanza mapema 2025, iliyolenga ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, ilitanguliwa na uvumi kwamba mabilionea wa ng'ambo wanataka kupunguza gesi inayotoka kwa ng'ombe wetu. Wapo walioamini. Lakini wengi ninaowajua, wanaofuga kuanzia Kiserian hadi Bisil, kaunti ya Kajiado, na kuuza kwenye vichinjio vya Dagoretti, shaka yao ni nyingine kabisa: habari za mifugo yao hupelekwa juu, na huko hazirudi.

Maofisa huja bomani, hutoa damu, huandika namba ya simu, huondoka. Ng'ombe wangu waliwahi kupimwa ugonjwa wa kutupa mimba baada ya mitamba kadhaa kuharibu. Nilichoambulia ni "tutawasiliana". Na huu si ugonjwa wa ng'ombe peke yake. Humwingia binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, jambo ambalo wachungaji hulifanya kila ng'ombe anapokwama kuzaa. Majibu yangeniambia ni ng'ombe yupi wa kumtoa kundini na ni kijana yupi wa kumpeleka hospitali. Katika nchi ambayo ukimtumia mtu shilingi 50 kwa M-Pesa ujumbe unamfikia kabla hujarudisha simu mfukoni, nashindwa kuelewa kwa nini majibu ya maabara yasafiri kwa miguu.

Sasa tazama yanayompata anayeripoti. Ugonjwa wa miguu na midomo ukionekana katika kundi lako, sheria inataka umwambie ofisa wa mifugo. Ukisema, karantini inawekwa, soko linafungwa, na majirani wote wanajua ni nani aliyepiga simu. Ikiwa ni Januari na karo inadaiwa, umejiharibia mwenyewe na umewaharibia wengine. Sijamwona mfugaji aliyelipwa hata senti kwa sababu soko limefungwa. Kwa hiyo hutokea kile ambacho sote tunakijua na hatukisemi: wanyama ambao bado hawajaanza kutoa udenda hupakiwa lori usiku, bila kibali, wakauzwe kabla habari hazijaenea. Virusi hivyo hukaa mwilini siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana, kwa hiyo mnunuzi haoni kitu. Mwaka 2001 Uingereza iliwachinja zaidi ya wanyama milioni 6 kwa ugonjwa huu huu, na ulikuwa umeshasambazwa na masoko na wafanyabiashara kabla ya kugunduliwa. Ila kule, aliyechinjiwa mifugo alilipwa fidia.

Tagi ingeweza kutusaidia hapa, na ndiyo maana siipingi. Chanjo ya miguu na midomo haidumu. Baada ya miezi sita hivi inafaa irudiwe. Tena virusi hivyo vina aina kadhaa, na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. Leo ukinunua dume sokoni, hujui alichanjwa lini wala kwa chanjo ya aina gani. Unamuuliza broka, broka anaapa. Namba sikioni ikiwa na tarehe ya chanjo ndani yake, na nikaisoma mwenyewe kwa simu yangu, hicho ni kitu cha kulipia.

Lakini fomu za kusajili mifugo nilizoziona zina nafasi moja tu ya jina la mwenye mifugo. Aliyezitunga hajawahi kulala bomani. Katika zizi moja kuna ng'ombe wa baba, wa mama mdogo aliyeachiwa na marehemu mumewe, wa kijana aliye kazini Industrial Area ambaye hununua mtamba mmoja kila akipata bonasi, na wa rafiki aliyekopesha dume msimu wa ukame. Ukiandika jina moja, siku ya urithi au ya talaka karatasi ya serikali itakuwa shahidi wa uongo. Halafu kuna swali la kodi, ambalo kila mtu ananong'ona na hakuna ofisa anayelijibu waziwazi: nani mwingine ataisoma orodha hiyo?

Anayedhani huu ni ushamba wa Waafrika aangalie Marekani. Tangu Novemba 5, 2024, ng'ombe wote wa maziwa, na wale wasiohasiwa wa miezi 18 na zaidi, sharti wawe na tagi inayosomeka kwa macho na kwa mashine kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo. Wafugaji wa huko walilalamikia gharama na faragha, mambo yale yale. Jirani zetu Tanzania nao walipoleta hereni za kielektroniki za kulipiwa na mfugaji, malalamiko yalifika hadi bungeni.

Ushauri wangu ni kuanzia kichinjioni, bomani kuje baadaye. Pale Dagoretti mkaguzi wa nyama huona kila siku yale ambayo mfugaji hatayaona maishani: ini lililojaa minyoo, mapafu yaliyogandana na mbavu kwa homa ya mapafu, vifuko vya tegu ndani ya nyama. Hukata sehemu mbovu, hupiga muhuri, huendelea na mzoga unaofuata. Ng'ombe huyo ametoka wapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu amepitia mikono ya mabroka watatu. Laiti ujumbe mfupi ungenifikia jioni ile kwamba dume niliyemuuza alikuwa na minyoo ya ini, ningeacha kunywesha kundi kwenye bwawa linaloweza kuwa na minyoo hiyo, au ningenunua dawa kwa wakati. Wafugaji wakipata ujumbe wa namna hiyo kwa mwaka mmoja, watazifuata tagi wenyewe.

Na isisahaulike kwamba sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiangamiza ng'ombe, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilimalizwa bila tagi za kielektroniki. Chanjo iliyoifyeka ilitengenezwa Muguga, hapa nje ya Nairobi, na katika maeneo ya wafugaji wa kuhamahama, walioonyesha ugonjwa umejificha wapi ni wafugaji wenyewe. Walisema kwa sababu aliyekuja kuuliza alikuja na chanjo mkononi.

Wizara na kaunti, ambazo tangu ugatuzi hurushiana mpira kuhusu kazi hii, zituambie mambo matatu kabla ya kuleta koleo la kutobolea masikio: majibu ya vipimo yatarudi ndani ya siku ngapi, aliyefungiwa soko atalipwa nini, na tagi ikinaswa na miiba ya mgunga, ng'ombe akarudi jioni sikio limechanika, ya pili inanunuliwa na nani?

Mfugaji,
Dagoretti, Nairobi